Kuku Niliyegawana Naye Mguu

Nilipokuwa mtoto niligawana mguu na kuku. Nikisema hivi kazini, wanafunzi wa staji, wanaokuja kwetu kujifunza kazi, hucheka wakidhani natania, na mimi huwaacha wacheke, maana kueleza vizuri kunataka muda na wagonjwa wanatungoja kwenye mabenchi. Leo nina muda. Nimeshapika, chai ipo, basi nieleze tangu mwanzo.

Tulikaa Buyenzi, hapa hapa Bujumbura, watu watatu ndani ya vyumba viwili. Baba yangu alibeba mizigo bandarini. Mama alifariki nikiwa bado sijui kutamka jina lake, kwa hiyo aliyenilea ni Bibi Mwajuma, mama yake Baba, mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuita watu mtaa wa tatu. Alikaanga sambusa mlangoni kwetu, na jirani aliyekuja kununua moja aliondoka na sambusa pamoja na nasaha ambayo hakuiomba.

Kuhusu viungo vya mwili, Bibi alikuwa na sheria nyingi kuliko serikali. Ukivuta vidole vikalia ndani ya nyumba, alikupiga kofi mkononi: "We, unaita nini humu?" Ukiruka miguu ya mtu aliyenyoosha mkekani, ilibidi urudi ulikotoka, uruke tena kinyume, la sivyo mwenye miguu hatarefuka. Kulikuwa na jirani mmoja mfupi ambaye alitolewa mfano kila siku, masikini ya Mungu, eti alirukwa akiwa mchanga na hakuna aliyerudi. Mama yake mwenyewe alikuwa mfupi vilevile, lakini hilo Bibi hakutaka kulisikia.

Nilikuwa na miaka tisa, na vita ilikuwa imeshaingia mjini. Kuna mitaa ilikuwa imehama yote. Kuna siku vijana walifunga barabara kwa mawe na matairi na hakuna aliyekwenda popote. Sisi watoto tulizoea upesi, ndivyo watoto walivyo. Tulijua kutofautisha mlio wa mbali na wa karibu, na wa mbali haukutukatisha mchezo.

Siku ile ulikuwa wa karibu. Tulikuwa tunatoka madrasa, saa nne asubuhi, jua limewaka, mara bomu la mkono likalipuka upande wa sokoni. Kila mtu alikimbia kwake. Mbele ya nyumba yetu kuna mtaro wa maji machafu, wa saruji, ambao nilikuwa nimeuruka mara elfu. Siku hiyo niliuruka na msahafu kifuani, macho yakiwa nyuma. Mguu wa kulia ukatua ukingoni, mwili ukaenda kwingine. Nilisikia mlio kabla sijasikia maumivu. Nikamwona Bibi anakuja anapiga kelele, sambusa zinaungua nyuma yake, na nakumbuka nikashangaa kwamba Bibi anajua kukimbia.

Hospitali ipo, kule juu Kamenge, na leo nafanya kazi si mbali nayo. Lakini siku ile barabara ya kwenda huko ilikuwa kufa kupona. Baba alirudi kutoka bandarini kwa miguu, akauangalia mguu wangu uliovimba kuanzia chini ya goti mpaka kwenye kifundo, akatoka nje akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Bibi akamfuata.

"Kesho panda baisikeli uende Buterere," alimwambia. "Kamulete Anjelina."

"Mama, Buterere? Siku hizi?"

"Basi ukae hapo kwenye ndoo, mutoto aoze."

Anjelina alikuwa mwanamke wa mpunga, aliyelima kwenye maji kule Buterere, na pia aliunga mifupa kama mama yake alivyounga. Alifika kesho yake amekaa nyuma ya baisikeli ya Baba, miguu ina matope mpaka karibu na magoti, kifurushi mapajani. Hakuwa Muislamu wala hakukijua vizuri Kiswahili, na yeye na Bibi walizungumza kwa kukatizana, huyu Kiswahili, yule Kirundi. Walikuwa wanajuana tangu zamani, tangu bega la Baba lilipotoka akiwa kijana.

"*Ihangane*, mwana wanje," aliniambia, yaani nivumilie, mwanangu. Akapaka siagi ya ng'ombe mikononi, akafumba macho, akaanza kutembeza vidole kwenye mguu wangu polepole. Nililia, lakini nilimtazama. Nimeona madaktari wengi tangu siku hiyo, na wachache sana wana vidole vinavyosikiliza vile.

"Goti liko mahali pake," alisema mwishoni. "Imevunjika hapa chini. Lakini goti limekasirika. Muliache litulie."

Alivyovuta na kurudisha mfupa sitaki kueleza, na Baba alitoka nje asione. Baada ya hapo alipanga vijiti vya matete kuzunguka mguu wote, kuanzia katikati ya paja mpaka kwenye kisigino, akaufunga kwa vipande alivyochana kutoka kitenge cha zamani cha Bibi, cha maua ya njano. Akamfundisha Bibi kubana kucha ya dole gumba la mguu kila asubuhi: kucha inageuka nyeupe, ukiachia inarudi nyekundu. Ikichelewa kurudi, legeza kamba hapo hapo, hata kama ni wakati wa swala.

Halafu akaomba kuku.

Alitaka tembe, kuku jike ambaye hajataga, tena awe wa nyumba yetu. Tulikuwa naye mmoja, mwekundu, kishingo, shingo tupu isiyo na manyoya tangu kuzaliwa. Anjelina alimpakata, akamfunika kichwa kwa kitambaa, akamsemesha Kirundi kidogo, na kabla sijaelewa anataka nini, akamvunja mguu wa kulia. Ulilia ka! Kama kijiti. Nikapiga yowe kuliko nilivyopiga kwa mguu wangu mwenyewe. Naye akamrudisha mfupa vilevile, akampangia vijiti vidogo vya matete, akamfunga kwa kitenge kile kile cha maua ya njano.

"Hawa sasa ni kitu kimoja," alisema. "Kuku akikanyaga, mutoto akanyage. Kuku bado, mutoto bado. Usiuze, usichinje, asitoke."

"Na akikufa?" Baba aliuliza.

Anjelina alinawa mikono, akaomba maji ya kunywa. Swali lile lilibaki pale mkekani pamoja na mimi na kuku.

Ndivyo nilivyopata rafiki. Nilimwita Mwenzangu. Alikaa kwenye boksi la sabuni kando ya kitanda changu, na tulikaa hivyo wiki baada ya wiki, miguu yetu imenyooshwa, tunatazamana. Bibi aliweka ulinzi. Hakuna aliyeruka miguu yetu, hakuna aliyevuta kidole, wageni walisalimia wakiwa mlangoni. Asubuhi alibana kucha yangu, halafu, wallahi, alibana na ya kuku.

Lakini Mwenzangu hakupona. Wiki ya tatu alitakiwa aanze kuchechemea, akabaki amelala ubavu. Wiki ya nne akaacha kula. Bibi alimpikia wali laini, akamlisha kwa kidole kabla hajanipa mimi chakula, mpaka Baba akauliza, "Mama, na mutoto naye atakula leo?" Bibi hakucheka. Usiku nilimsikia anaomba dua, na katikati ya majina yetu alimtaja kuku.

Niliogopa. Hapo ndipo nataka msomaji anielewe, kwa sababu mtu mzima akisoma habari za kuku ataona mchezo. Kwangu haukuwa mchezo. Mitaani kulikuwa na watu wanakimbia karibu kila siku, na mtoto asiyeweza kukimbia alikuwa anabebwa, na anayebebwa anamchelewesha anayembeba. Nilishalijua hilo bila kuambiwa. Kila nikimtazama yule kuku anavyofumba jicho, niliona Baba ananibeba, anachelewa.

Mwishoni mwa wiki ya tano, alfajiri, wanajeshi walizunguka mtaa wetu kupekua silaha. Walitutoa wote nje, wanaume wakakalishwa barabarani mikono kichwani. Bibi alinibeba mgongoni mpaka kwenye ukuta wa msikiti, tukakaa pale na wanawake wengine. Nililia kwamba Mwenzangu yuko peke yake, Bibi akaniambia ninyamaze. Jua lilipopanda walituachia. Baba alikuwa mzima, alhamdulillahi, ila shati limechanika.

Bibi aliingia ndani kwanza. Akatoka upesi, akafunga mlango nyuma yake.

"Nyumba imevurugwa," alimwambia Baba. "Peleka mutoto kwa jirani mpaka nipange."

Kupanga vyumba viwili kulimchukua mpaka alasiri. Niliporudishwa, boksi la sabuni lilikuwa mahali pake, na ndani yake Mwenzangu, mwekundu, shingo tupu, kitenge cha maua ya njano mguuni. Alikuwa anadonoa mchele! Nilifurahi nikapiga makofi. Halafu nikatazama vizuri.

"Bibi, mbona kitambaa kiko mguu wa kushoto?"

Bibi alikuwa anafagia. Hakuinua kichwa.

"Kilikuwa kulia, Bibi. Kimehama."

"Watu wote wanahama mwaka huu," alisema, "kitambaa kisihame?"

Nikaridhika. Mnaweza kunicheka, lakini nilikuwa na miaka tisa na nilitaka kuridhika. Siku ya tatu Mwenzangu alitoka ndani ya boksi, akatembea mpaka mlangoni, akaruka akatua dirishani, kitambaa kinaning'inia.

"Bibi! Bibi njoo! Mwenzangu anatembea!"

Bibi alikuja na mikono ina unga. Alimtazama kuku dirishani, akanitazama mimi, akatazama vijiti vyangu. Alikaa chini mkekani taratibu. Nilidhani ni furaha imemzidi.

"Anjelina alisema, kuku akikanyaga, mutoto akanyage," nilimkumbusha. "Ahadi ni deni, Bibi. Wewe unasema kila siku."

"Nasema," alijibu. Akanawa mikono muda mrefu. Akaanza kufungua vitambaa, kimoja kimoja.

Mguu uliotoka mle ulikuwa mwembamba, wa kijivu, si wangu. Mfupa ulikuwa umeshika. Lakini goti halikukunjika. Nililiamuru lijikunje, likakataa kabisa, kama bawaba iliyoingia kutu. Bibi alinikalisha ukingoni mwa kitanda, akashika kisigino changu kwa mikono yote miwili, akasema, "Bismillah. Kidogo tu." Niliuma kona ya mto. Siku ya kwanza goti lilikunjika upana wa vidole viwili. Bibi alilia kabla yangu.

Kuanzia hapo ikawa kazi yetu ya kila asubuhi na kila jioni. Bibi alimwaga mchele punje chache sakafuni, Mwenzangu anakuja anadonoa, na kila akikunja mguu kupiga hatua, na mimi nakunja. "Mutazame mwenzako, anaweza. We je?" Nilimchukia kuku siku nyingine. Baba alinichongea fimbo kutoka ubao wa kreti la bandarini. Nikaanza kukanyaga kwa vidole, halafu kwa unyayo, halafu mpaka mlangoni. Mwezi wa Ramadhani ukapita, na asubuhi ya Idi nilisali kushoto kwa Bibi. Tulipofika kwenye attahiyatu nilikaa juu ya miguu yangu miwili, magoti yamekunjika yote sawasawa. Bibi alitoa salamu kulia, alipogeukia kushoto akaniona nimekaa. Swala yake sijui kama ilikubaliwa, maana alinikumbatia hata hajamaliza.

Nilikua, vita ikachoka, nikasoma ukine, tiba ya viungo kwa mazoezi, kazi ya kurudisha watu kwenye viungo vyao. Darasani ndipo nilipoelewa goti langu. Mwisho wa mfupa, ndani ya kiungo, umevikwa gegedu laini, na gegedu halina mishipa ya damu ya kulilisha. Linakula kutoka kwenye ute uliomo humo ndani, na ute huo hufika pote kiungo kinapotembezwa. Kiungo kisichotembea kinashinda na njaa. Ngozi yake ya ndani inanywea, inashikana, na siku ukitaka kukikunja kimeshasahau. Mwalimu alipoeleza hayo nilihesabu wiki zangu vidoleni. Kama ningelala nikimngoja kuku asiyepona, miezi mitatu, minne, leo ningekuwa natembea na mguu mgumu wa ubao. Nilimshukuru Mungu kwamba Mwenzangu alipona ghafla vile, na sikufikiri zaidi. Mtu msomi naye ni mjinga kwa mambo ya nyumbani kwake.

Na sisemi mwende kwa waunga mifupa. Naletewa watoto waliofungwa vijiti mpaka vidole vikawa vyeusi, na vidole hivyo havirudi tena. Anjelina alijua kubana kucha, wengi hawajui. Nilitaka sana kumwambia kwamba nafundisha wanafunzi kubana kucha kama yeye, lakini hakurudi tena kwetu.

Mwaka jana goti la kulia la Bibi lilivimba. Ni ugonjwa wa uzee, gegedu limeliwa, mfupa unasuguana na mfupa, na Bibi akakataa katakata kuinuka. Nilimweleza kila kitu: ute, gegedu, mazoezi, kwamba kukaa ndiko kunakomlemaza. Nilimletea na picha.

"Mimi apana," alisema. "Inauma. Mungu akinitaka atanikuta nimekaa."

Wiki mbili nilibembeleza, nikakasirika, nikabembeleza tena. Wagonjwa wa watu wananisikiliza, Bibi yangu mwenyewe hanisikilizi! Jumamosi moja nilikwenda sokoni nikatafuta mpaka nikapata tembe mwekundu, kishingo. Nikachana kitambaa cha maua, nikamfunga mguuni, nikamweka kwenye boksi la sabuni, nikaliweka mbele ya Bibi.

Bibi alimtazama kuku kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Kitambaa kiko kushoto," alisema. "Goti langu ni la kulia."

"Watu wote wanahama, Bibi."

Alicheka mpaka mtandio ukaanguka. Alicheka akapangusa macho, na macho yakaendelea kutoa maji baada ya kicheko kwisha.

"Zuhura, kwani ulijua?"

Hapo ndipo nilipojua. Nilikuwa nimefunga kushoto kwa utani tu, kumkumbusha. Nikakaa chini mkekani, kama alivyokaa yeye siku ile.

"Walimuchukua," alisema. "Wale askari. Nilikuta boksi tupu, na vijiti vyake vya matete viko chini. Nikatoka mbio kwenda kwa Anjelina anipe mwingine. Nilifika Buterere nikakuta nyumba haina mlango, haina bati, mpunga umesimama hakuna wa kuvuna. Nikaita, nikaita." Akaokota mtandio wake. "Njiani nikamupata huyo kishingo kwa mama mmoja. Nikasema, basi nitamuvunja mimi mwenyewe, nimeona anavyofanya. Nikamushika mguu. Nikasema Bismillah. Mkono ukakataa, Zuhura."

"Kwa nini, Bibi?"

"Mwaka ule kila mutu alikuwa anavunja. Nikasema mimi apana, hata wa kuku. Nikafunga kitambaa juu ya mguu muzima, kushoto wala kulia sikuona, nalia. Nikasema nitamufungia ndani ya boksi, asitembee mpaka upone. Nani angejua atarukia dirishani?"

"Na ulipofungua vijiti vyangu?"

"Nilikuwa najua mguu wako utavunjika tena mikononi mwangu. Lakini ningekuambia nini? Kwamba Mwenzako ameliwa?"

Nilimshika magoti yote mawili, nikaegemeza uso hapo, na goti lake baya lilikuwa la moto. Miaka yote niliamini nilipona kwa mguu wa kuku aliovunja Anjelina, halafu nikaamini nilipona kwa elimu niliyokuja kuipata baadaye. Nilikuwa nimepona kwa ule mguu ambao Bibi alishindwa kuuvunja.

Kuku akatoka ndani ya boksi, akapita kati yetu akidonoa mkeka.

"Haya," alisema Bibi, akanyoosha mkono. "Ninyanyue. Yeye si ameshakanyaga?"